UZI: Mwaka mzima nafungua miche ya nusu dola Marekani, natafuta fedha ndani ya fedha

#1 Kibubu cha Ohio (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Sisi tulioko Marekani huko nyumbani mnatuita wabeba boksi. Leo nakiri hadharani: mimi nabeba boksi kweli kweli. Lenyewe ni dogo, unalikumbatia kwa mkono mmoja, ila lina kilo 11 na ushei, maana ndani kuna sarafu 1,000 za nusu dola. Nalichukua benki Ijumaa jioni kwa dola 500, nalipandisha mpaka ghorofa ya tatu, nalimwaga juu ya meza ya chakula. Mke wangu anahamia sebuleni na sahani yake. Jumatatu dola zile zile, pungufu kidogo, zinarudi benki. Huo upungufu ndio umenileta jamvini.

Kiswahili kimenirahisishia kazi ya kueleza. Fedha ni hela, na fedha ni yale madini meupe ya bangili za bibi. Mwingereza ana maneno mawili, sisi tuna moja. Basi mimi natafuta fedha ndani ya fedha.

Iko hivi. Mpaka mwaka 1964 nusu dola ya Marekani ilikuwa na fedha asilimia 90. Rais Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, na Machi 1964 sura yake ikatoka kwenye nusu dola mpya. Watu wakapanga foleni kuichukua, lakini si kwa matumizi. Waliitia kabatini kama ukumbusho. Zilipigwa zaidi ya milioni 420 za mwaka huo mmoja na bado madukani hazikuonekana. Bei ya fedha nayo ilikuwa inapanda. Mwaka 1965 Rais Johnson akasaini sheria ya kuitoa fedha kabisa kwenye senti 10 na senti 25. Nusu dola ikaachiwa kidogo, asilimia 40, kuanzia 1965 mpaka 1970. Kuanzia 1971 za matumizi ya kawaida ni shaba imevalishwa nikeli, basi.

Senti 25 za fedha zilichujwa mapema, kwa sababu zinapita mikononi mwa watu kila siku. Nusu dola haipiti. Droo za madukani hazina kishimo chake, mashine za soda haziitaki, kijana wa miaka 20 dukani ukimpa anamwita meneja. Kwa hiyo imelala benki. Na iliyolala ndiyo ina nafasi ya kuwa na kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Benki inakuuzia zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ngumu, 20 kwa 20, dola 10. Kwa umbo ni kama mche wa sabuni uliochongwa mviringo, kwa hiyo nitaita mche. Miche 50 ni boksi.

Kuangalia ni rahisi kuliko mnavyodhani. Huhitaji kusoma mwaka wa kila sarafu. Unachana karatasi, unazisimamisha zote 20 kama biskuti za pakiti, unaangalia ubavu chini ya taa. Za kawaida zina mstari wa kahawia katikati, hiyo ni shaba. Ya asilimia 90 ni nyeupe pe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ya asilimia 40 ndiyo inayosumbua macho: haina wekundu ule, ina rangi ya majivu, na ikichakaa inaweza kukudanganya. Ukiwa na shaka, hapo sasa soma mwaka. Mzani wa jikoni unasaidia kwa ya 90 (gramu 12.5 dhidi ya 11.34 za kawaida), lakini ya 40 ina gramu 11.5, mizani ya unga haiwezi kukuamulia hapo. Sumaku sahau, haishiki yoyote kati ya hizo.

Thamani yake: ya 1964 kurudi nyuma ina wakia 0.36 ya fedha safi. Ya asilimia 40 ina wakia 0.148. Angalia bei ya fedha ya siku hiyo, zidisha, utapata. Duka la sarafu litakupa pungufu ya hapo, nao wanakula.

Sasa daftari langu la mwaka, bila chai:

Maboksi yaliyofungwa kwa mashine: 23, yaani sarafu 23,000. Za asilimia 40 nimepata 61. Za asilimia 90 nimepata 9.

Zilizotoka kwenye droo za makeshia na miche iliyofungwa kwa mkono, matawi madogo ya mashambani: sarafu 2,600 hivi. Za asilimia 40, 48. Za asilimia 90, 37. (Ishirini kati ya hizo 37 zilikuja siku moja, nitasimulia.)

Rudieni kusoma hizo namba. Nilianza kwa kudhani mali iko kwenye boksi kwa sababu boksi ni kubwa. Miezi minane nimebeba boksi kama punda, kumbe kitu kiko kwenye droo ya mama mmoja mwenye miwani, kwenye tawi lenye makeshia wawili, mji ambao ukipiga chafya umeshaupita.

Karibuni kwa maswali.

#2 Msukuma halisi

Naweka kambi hapa. Mkuu, weka picha, uzi bila picha ni kama ugali bila mboga.

#3 Hesabu Kali

Mleta uzi, nakuheshimu ila tuwekane sawa. Boksi moja linakula muda gani? Saa mbili? Tatu? Weka mafuta ya gari, weka foleni ya benki, weka kurudisha. Maboksi 23 umepata vipande 70, vingi vikiwa vya asilimia 40. Ukigawa kwa saa, si ungefanya ovataimu tu ukalala?

#4 Kibubu cha Ohio

Hesabu Kali, uko sahihi na sikupingi. Boksi saa moja na nusu ukizoea, zaidi ya saa mbili ukiwa mgeni. Kuna maboksi yametoka na sifuri. Sifuri kabisa. Kama unatafuta kipato, funga huu uzi ukachukue ovataimu.

Mimi kazi yangu ni dereva wa kupeleka sampuli za maabara, kutoka zahanati za vijijini kuja Columbus. Napita Newark, Lancaster, Zanesville, mpaka Chillicothe, na kila mji una benki. Mafuta analipa mwajiri, saa ya chakula ni yangu. Ndiyo maana droo zimenilipa na maboksi hayajanilipa. Mtu anayetoka nyumbani mahususi kuzunguka benki hesabu yake ni nyingine.

Halafu kuna kitu huwezi kukipoteza: nusu dola ni nusu dola. Mtaji wangu ni dola 1,000 zile zile, zinazunguka tangu mwaka jana. Bahati nasibu ukikosa hela imekwenda. Hapa ukikosa, umepoteza usingizi tu.

#5 Bi Mkubwa wa Malindi

Assalaam alaykum wanangu. Mmenikumbusha mbali. Sisi Unguja senti hamsini tuliiita sumuni, na wazee kabla yetu walitamka thumuni. Asili yake ni Kiarabu, sehemu ya nane. Hesabu yenyewe ya nane ilishakufa zamani, jina likabaki likang'ang'ania senti hamsini. Basi wewe mwanangu unatafuta sumuni za Wamarekani.

Na ile sumuni ya simba ya mkoloni, iliyoandikwa kwa Kiingereza nusu shilingi, zile za kabla ya vita kuu ya pili zilikuwa na fedha ndani, robo hivi. Baada ya vita wakaitoa, ikawa nikeli na shaba. Marehemu mama alikuwa akiigonga juu ya sakafu akisikiliza. Alikuwa akisema "hii inaimba, hii inakohoa".

#6 Kibubu cha Ohio

Shikamoo bibi. Umemaliza kila kitu. Na hizi za hapa vivyo hivyo, ya 1964 ukiidondosha mezani inalia kengele, ya 1974 inalia kama kifuniko cha soda. "Inakohoa" nalichukua hilo neno.

#7 Mzaramo mstaafu

Hahaha, hii ni ile ile ya rupia za Mjerumani. Morogoro nilikaa nyumba moja na jamaa aliyekuwa anachimba chini ya miembe usiku, ana ramani kapewa na mganga. Miaka minne. Alichopata ni mfereji wa maji machafu. Tofauti yenu ni kwamba wewe benki inakuletea shimo mpaka mezani.

#8 Njoro Boy

Wakubwa, niko Nakuru. Swali serious. Kuna msee ameniuzia half dollar ya Kennedy, imeandikwa 1776-1976, nikamlipa elfu nane. Amesema ni ya miaka mia mbili, limited, na kuna Mzungu Nairobi anazitafuta. Nyuma iko na nyumba ya mnara. Nimepata ama nimeshikwa?

#9 Kibubu cha Ohio

Pole ndugu yangu. Umeshikwa.

Hiyo ni ya kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Nyumba hiyo ni Independence Hall ya Philadelphia. Zilipigwa zaidi ya milioni 500. Katika boksi moja nazikuta kwa makumi, na zinarudi benki zote kama senti 50. Mwaka 1975 ukiutafuta kwenye nusu dola huupati, maana mwaka huo nao walipiga zenye tarehe hiyo hiyo ya 1776-1976.

Kuna toleo lake la fedha asilimia 40, lakini hilo lilitoka San Francisco tu, likauzwa kwa wakusanyaji. Litakuwa na herufi S ndogo chini ya shingo ya Kennedy, na ubavu hauna mstari wa shaba. S peke yake haitoshi, kuna yenye S na bado ni shaba. Angalia zote mbili.

Na kwa wote mlio nyumbani: "kuna Mzungu anazitafuta" ikishatajwa, inuka ukanywe maji. Huyo Mzungu mimi nimeishi kwao, naye anazikuta benki.

#10 Njoro Boy

Hakuna S. Mstari wa brown uko wazi kama barabara. Wacha nimtafute huyo msee.

#11 Mama Shukuru MN

Mleta uzi, mimi niko Minneapolis, ni nesi msaidizi. Nilijaribu baada ya kuona video mtandaoni. Nilikwenda benki yangu nikaagiza boksi, wakaniambia wiki mbili. Lilipokuja, sarafu zote zilikuwa mpya, mwaka mmoja, zinameremeta. Nikaona haya kurudisha siku ile ile. Keshia aliniangalia kama nimeiba. Hebu nieleze vizuri namna ya kuongea na hawa watu, maana kusema kweli ndiyo sehemu inayonitoa jasho.

#12 Kibubu cha Ohio

Dada yangu, hapo ndipo penyewe. Nitaandika kirefu, anayetaka aruke.

Kwanza hilo boksi lako. Kuanzia 2002 mpaka 2020 serikali haikutoa nusu dola kwa matumizi ya kawaida, iliwauzia wakusanyaji tu. Kuanzia 2021 wakarudi kuzipeleka benki. Ndiyo maana sasa unaweza kupewa boksi jipya tupu, halina hata harufu ya mkono wa mtu. Huna kosa. Lakini ujue: ukikuta ya 2002 mpaka 2020 ndani ya mche wa benki, kuna mtu alinunua ya ukumbusho akaitumia. Kwa kawaida haina fedha, ila mimi naiweka pembeni. Vivyo hivyo ya 1987, na ya 1970 yenye herufi D (ya kiwanda cha Denver): zilikuwa kwenye seti za wakusanyaji pekee. Hiyo ya 1970 D ni ya asilimia 40 na ni adimu kuliko wenzake wote wa miaka ile. Mimi ninayo moja. Nadhani kuna mtoto alivunja seti ya babu yake akanunua pipi.

Sasa keshia.

Usianze na nusu dola. Salimia. Wamarekani wa mashambani wanapenda kuulizwa hali ya hewa kama sisi tunavyouliza habari za nyumbani, watoto, kazi. Ukishamaliza mvua, uliza: kuna mtu yeyote amewaletea nusu dola? Hapo sikiliza. "Sidhani" maana yake hajaangalia. "Ngoja nione" ni dalili njema. "Kuna mwingine huwa anakuja" ni kwaheri, shukuru uondoke, hilo shamba lina mwenyewe.

Chukua zote. Hili wengi wanakosea. Wanapewa 14, wanachambua mbele ya dirisha, wanachukua 2, wanarudisha 12. Keshia anakuona mjanja, na wewe umemwachia takataka. Nusu dola kwa keshia ni mzigo, hazina sehemu kwenye droo, anazihesabu kila jioni. Ukizichukua zote umemsaidia. Mwezi ujao atakukumbuka kwa hilo, si kwa lafudhi yako.

Usirudishe ulikochukua. Hii ni sheria. Tafuta tawi jingine, kubwa, lenye mashine ya kuhesabia, na upige simu kwanza kuuliza kama wanapokea nyingi. Mimi nilijifunza kwa aibu. Tawi moja (jina nalihifadhi) nilimwaga sarafu 900 kwenye mashine yao, ikakwama, watu saba nyuma yangu foleni, meneja akaja na bisibisi. Wiki iliyofuata nikaitwa pembeni, nikaambiwa kwa upole kwamba akaunti yangu "haiendani na huduma zao". Kwa upole hivyo hivyo nikafungua kwingine.

Na kichekesho: kabla ya hapo nilikuwa naweka nukta ya wino mwekundu kwenye shingo ya Kennedy kwa kila sarafu niliyoimaliza. Nikaagiza boksi, likaja baada ya siku tisa, nikachana mche wa kwanza: nukta nyekundu. Wa pili: nukta nyekundu. Miche 50, karibu nusu yake ni zangu mwenyewe. Nimezinunua upya, nimezibeba ngazi upya. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikaelewa kwamba maboksi ya mji mmoja ni maji ya bwawa, yanazunguka pale pale, na sisi watafutaji sote tunachota na kurudisha.

Wazee wanaoleta kopo la sarafu benki hawapitii kwenye bwawa. Kopo linafika kwenye dirisha, linaingia droo, linakaa siku tatu au wiki. Hiyo wiki ndiyo yako.

Krismasi nilipeleka maandazi kwa makeshia wangu wa njia ya Zanesville. Tawi moja waliyala yote kabla sijatoka mlangoni. Jingine waliniambia hawaruhusiwi kupokea kitu kwa mteja, nikawaachia kadi.

#13 Fundi Saa Kariakoo

Mkuu naomba kuuliza. Hizo nyeusi nyeusi unazisafisha na nini? Mimi saa za fedha natumia dawa ya meno na kitambaa, zinarudi kama mpya.

#14 Kibubu cha Ohio

Fundi, tafadhali weka hiyo dawa ya meno chini polepole, usimshtue mtu.

Sarafu haisafishwi. Weusi ule ni umri wake, mkusanyaji analipia umri. Ukiisugua unaacha mikwaruzo inayoonekana kwa lenzi, na thamani inabaki ya madini tu. Za 1964 zilizochakaa si neno, nyingi zinauzwa kwa uzito. Lakini ukipata ile ya zamani yenye mwanamke anatembea kuelekea jua, ya 1916 mpaka 1947, usiguse hata kwa kidole uso wake, shika ubavuni. Za 1921 na ile ya 1938 ya Denver ni chache kweli. Ya 1938 D zilipigwa laki nne na tisini na moja hivi, ya 1921 D laki mbili na elfu nane. Mimi sijaziona. Naziota.

#15 Mwalimu wa Tabora

Nyongeza ya vijiweni. Kati ya yule mwanamke na Kennedy kuna nusu dola za Benjamin Franklin, 1948 mpaka 1963. Mchongaji wake aliitwa John Sinnock, akaweka herufi zake JRS begani. Wakati ule wa vita baridi wakatokea watu wakasema hizo ni za Joseph Stalin, kuna mkomunisti ndani ya kiwanda cha sarafu! Na ilipotoka ya Kennedy, alama ya mchongaji Gilroy Roberts ikaonwa ni nyundo na mundu. Wakubwa kwa wadogo, binadamu tukitaka kuona kitu tunakiona.

Upande wa nyuma wa hiyo ya Kennedy ni wa mchongaji mwingine, Frank Gasparro, herufi zake FG ziko karibu na mguu wa tai. Kuna za 1982 kutoka Philadelphia ambazo hizo FG hazipo kabisa, zimefutika kiwandani. Mleta uzi anazijua bila shaka.

#16 Kibubu cha Ohio

Nazijua na ninazo mbili, shikamoo mwalimu. Hizo hazina fedha hata chembe ila zinalipa zaidi ya senti 50. Ndiyo maana za 1982 zenye P huwa nazigeuza zote nyuma, hata nikiwa na usingizi.

#17 Hesabu Kali

Nina swali la sheria kabla watu hawajajiingiza. Kutoa na kuweka hela taslimu kila wiki Marekani, tena wewe mgeni, hawakuandiki?

#18 Kibubu cha Ohio

Swali zuri. Benki inatakiwa kutoa taarifa serikalini ukiweka au kutoa taslimu zaidi ya dola 10,000 kwa siku. Taarifa yenyewe si kosa. Kosa ni kugawa gawa makusudi ili usifikie hapo. Dola 500 au 1,000 haziko karibu na huko. Mimi naweka daftari, tarehe, tawi, kiasi. Hakuna aliyewahi kuliuliza, lakini lipo.

#19 Mama Shukuru MN

Umesema 20 zilikuja siku moja. Tunasubiri.

#20 Kibubu cha Ohio

Nilikuwa naivuta kwa sababu sijui nimesimama wapi kwenye hili.

Ilikuwa Machi, mji mdogo nje ya Zanesville. Keshia ni mama wa makamo, tumezoeana. Aliponiona alisema "nimekuwekea", akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na nusu dola 30 na kitu zilizotawanyika, na mche mmoja umefungwa kwa mkono, karatasi ya zamani imekauka rangi ya chai. Juu yake mtu aliandika kwa penseli: 1964.

Sikuufungua pale. Nilimuuliza umetoka wapi. Akasema familia moja imefiwa na baba, wanasafisha nyumba, wameleta makopo mawili ya sarafu za kila aina. Mashine imehesabu zilizolegea, miche ya mkono ikaenda kwenye droo. Dola 10.

Nikamwambia ukweli: mama, hizi zinaweza kuwa za fedha, zina thamani zaidi ya dola 10, mara nyingi zaidi. Akaniangalia, akasema wateja wameshawekewa hela zao, karatasi zimeshafungwa, wao wanatoka jimbo jingine na walikuwa na haraka. Akasema "usipochukua wewe, atachukua mwingine". Nikalipa dola 10.

Kwenye gari nikachana upande mmoja. Ubavu mweupe, wote ishirini. Nilifurahi kwa dakika tano hivi. Halafu nikaangalia ile penseli. Yule mzee alizifunga akijua anachofunga, akaandika mwaka ili anayekuja aelewe. Waliokuja hawakusoma.

#21 Mzaramo mstaafu

Mkuu hukuiba. Soko ni soko.

#22 Hesabu Kali

Hapa nampinga Mzaramo. Ulimwambia keshia lakini keshia si mwenye mali. Ungeacha namba yako ya simu wapewe wale watoto. Wakikataa, hapo sawa.

#23 Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu, ulisema kabla ya kulipa, hukusema baada. Hilo ni kubwa. Lakini huyo wa mahesabu naye ana neno. Namba ya simu haina uzito mfukoni.

#24 Kibubu cha Ohio

Bibi, Hesabu Kali, nimewasoma. Wiki hiyo hiyo mliyoandika nilirudi pale nikaacha bahasha kwa yule mama: jina langu, simu, na maelezo kwamba kuna mche wa 1964 niliununua, kama wanautaka wauchukue kwa dola 10 ile ile. Alisema ataangalia kama anaruhusiwa kuwatumia. Hii ni wiki ya sita, simu haijalia. Sarafu 17 nyingine niliuza duka la sarafu mwezi wa nne, nikalipia tikiti ya mdogo wangu kuja mahafali ya binti yangu, sehemu ya tikiti, tusidanganyane. Zile 20 sijauza. Nimezirudisha kwenye karatasi yao ya penseli, nimeikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa.

#25 Msukuma halisi

Picha bado mkuu. Na boksi la Ijumaa hii limetoka na nini?

#26 Kibubu cha Ohio

Picha kesho, mke wangu ana simu yenye kamera nzuri na bado ana hasira na meza yake.

Boksi la Ijumaa: sarafu mpya tupu. Nilichana mche mmoja, mwaka mmoja wote. Miche mingine 49 nimeibeba kushuka ngazi ikiwa na karatasi zake.